Mwembe wa Tudor uliokula faida

Toleo lililopita nilitaja juu juu tu kwamba ujana wangu wote nilikula kwa shoka na kamba kabla goti halijanikatalia, sikujua kumbe nachokoza mzinga. Barua na meseji zimeingia mpaka mhariri ananiuliza kwani safu yako imekuwa ya miti siku hizi? Basi leo ni miti. Nimechukua tano, na ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa kwa sababu makosa yote yaliyomo mimi mwenyewe niliyafanya, tena mengine mara mbili mbili.

Swali: Shikamoo ami. Niko Kisauni hapa Mombasa, nina pawa so yangu (msumeno wa petroli) niliinunua 65,000 na vijana watatu nafanya nao kazi. Kazi zipo, simu yalia, lakini mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu. Juzi nilipata mwembe Tudor, ngowe mkubwa uko nyuma ya nyumba, nikauangalia nikasema 12,000, mama mwenye nyumba akakubali hapo hapo (moyo ukanipiga pa!). Kazi ya siku moja ikawa siku mbili. Mkwezi nilimlipa 2,000 kwa siku, vibarua wawili 800 kila mmoja kwa siku, petroli na oili 1,400, pikap ya kutoa taka trip mbili 5,000, na tawi likaangukia banda la kuku nikanunua bati 1,900. Niambie ami, mti mkubwa kama ule hupigwa bei gani?
*Pawa So Bila Pesa, Kisauni*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza tumalize hesabu yako manake naona umeogopa kuijumlisha. Mkwezi 4,000, vibarua 3,200, petroli na oili 1,400, pikap 5,000, bati 1,900. Hiyo ni 15,500. Ulilipwa 12,000. Yaani umemkatia mama wa watu mti na juu yake umempa 3,500 zako, na jasho lako la siku mbili hujalihesabu, na cheni iliyokwisha meno hujaihesabu. Afadhali ungelala.

Sasa swali lako, mti mkubwa kama ule hupigwa bei gani, ndo hapo pa kuteleza. Hauna bei. Mwembe ule ule ungekuwa shambani kule Mtwapa, wazi pande zote, ungeuangusha mzima mzima kabla ya saa sita, ukaukatakata chini, mwenye shamba akabaki na kuni zake na wewe ukarudi na tuktuk. Kwa pesa uliyotaja ungekula vizuri. Lakini wa Tudor uko nyuma ya nyumba, chini kuna banda la kuku, na bila shaka taka zote zilipita kwenye kile kinjia cha ubavuni mtu mmoja mmoja kama siafu. Sivyo? Hapo ndo siku ya pili ilikwenda. Sisi tukiitwa kuangalia kazi twaangalia juu, twahesabu matawi, twapima shina kwa mikono, na pesa haiko huko. Pesa iko chini ya mti na pale getini. Mti unaanguka wapi, na ukishaanguka unatokaje.

Ukienda kuangalia kazi usiseme bei ukiwa umesimama mlangoni na chai mkononi. Zunguka. Angalia paa la jirani, tangi la maji, waya wa stima unaoingia nyumbani. Waya ukipita katikati ya matawi hiyo si kazi ya ujasiri, mwenye nyumba aombe Kenya Power waje wazime kwanza, na siku ya kungoja nayo ina gharama yake. Pima geti na kile kinjia. Uliza gari itasimama wapi, manake Mji wa Kale kwa mfano kuna vichochoro pikap haifiki, ni mkokoteni tu, na mkokoteni nao una mwenyewe na bei yake. Halafu sasa ndo uutazame mti. Gonga shina kwa mgongo wa panga usikilize, likitoa sauti ya ngoma ndani ni pango, na mti wenye pango mkwezi wako hafungi kamba popote anapotaka. Tafuta njia za mchwa. Kwenye mwembe angalia majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko, hao ni maji moto, wale chungu wekundu wanaouma, na wakimshukia mkwezi akiwa juu hata umwahidi nini atateremka. Kunguru wakiwa na makinda wanapiga kichwani. Nyuki usiniulize.

Na aina ya mti. Mvinje ni mgumu, unamaliza cheni, utanoa mpaka tupa ichoke. Mbuyu ndo kinyume chake, mbao yake laini ina maji na nyuzi nyuzi zinajisokota kwenye mashine, wageni wa kazi wanafikiri ni rahisi mpaka waanze. Mwarobaini tawi lake usiliamini. Halafu kumbuka tuko juu ya mawe ya matumbawe hapa, sehemu nyingi udongo ni kidogo, mizizi imetandaa juu juu tu, kwa hiyo mti ulioinama Nyali baada ya mvua za mwaka si sawa na mti ulioinama bara.

Haya, pesa. Usianze na mti, anza na siku. Jiulize siku moja ya gengi yako kutoka nje yakugharimu ngapi, hata kama hamkukata tawi. Nitatumia bei zako. Mkwezi 2,000, vibarua wawili 1,600. Wewe mwenyewe jilipe, tuseme 2,000, usiniambie ati mimi nakula faida, ukiugua kesho utamlipa mtu akusimamie kwa hewa? Tumefika 5,600. Mashine yako ya 65,000 ukiitunza tuseme inakupa siku 400 za kazi, hiyo ni kama 160 kila siku, tia na cheni, sparki, kunoa, service, weka 400. Kamba na mkanda navyo vinakwisha, weka 150. Petroli na oili 700. Halafu kuna zile pesa za mwezi zisizoonekana, leseni ya biashara ya kaunti, kredo ya simu, ile tuktuk ya kwenda kuangalia kazi ambazo hukupewa. Tuseme ni 6,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 12, hiyo ni 500 kwa siku. Ndio, 12, usipige siku 26 kama mtu wa ofisi, kuna mvua, kuna mteja aliyesafiri, kuna cheni iliyokatika Jumamosi jioni. Bima na ya dharura weka 350. Jumla 7,700. Hiyo ni gharama tu, hujapata hata shilingi ya kukuza biashara.

Ukiongeza faida ya asilimia 20 juu yake yafika 9,240. Hapa wengi wanajidanganya. Wanafikiri wana asilimia 20 ya kuchezea kwa hiyo mteja akisema punguza kidogo wanapunguza asilimia 15 wakijua imebaki tano. Toa asilimia 15 kwenye 9,240 uone. Inabaki 7,854. Faida yako ni shilingi 154, soda mbili tatu. Kwa sababu uliongeza juu ya gharama lakini umepunguza kutoka kwa bei, na bei ni kubwa kuliko gharama. Ukitaka asilimia 20 ya bei yenyewe ibaki kwako, chukua 7,700 ugawe kwa 0.8, upate 9,625. Mimi hili lilinichukua miaka kulielewa na aliyenieleza ni muuza samaki wa Kongowea, wala si mhasibu.

Sasa rudi Tudor. Siku mbili kwa 9,625 ni 19,250, pikap 5,000, yafika 24,250, tia kidogo ya lisilojulikana (lile banda la kuku) na unamwambia mama 26,000. Najua unacheka, unasema hatakubali. Labda. Basi akikwambia punguza, usishushe bei, shusha kazi. Mwambie mama, taka nikikuachia uzitafutie mkokoteni mwenyewe natoa 5,000. Kisiki nikikiacha futi moja juu ya ardhi natoa kiasi fulani. Magogo nikiyachukua mimi natoa kiasi fulani. Atachagua. Na kama bado aona ghali, mwache apate wa 12,000, wapo, wewe ulikuwa mmoja wao.

Magogo lakini usiyahesabu kama pesa kabla hujapata mnunuzi. Kuna watu wanatoa bei ya chini wakitegemea kuuza kuni, halafu mwembe wenyewe umejaa mchwa. Na kuyapakia garini kuzunguka nayo barabarani waweza kuulizwa kibali, pitia ofisi ya misitu uulize kabla. Kibali cha kaunti cha kukata mti nacho kiombwe na mwenye boma na ukione kwa macho yako siku moja kabla, si kuambiwa kiko njiani.

Mwisho, andika. Karatasi moja tu au hata WhatsApp: mti upi, unakatwa mpaka wapi, taka zinakwenda wapi, nani anayelipa kikivunjika nini, dipositi nusu. Mama akikubali bei haraka namna ile usibadilishe siku ya pili ukiwa juu ya mti, hiyo ni tabia mbaya na Mombasa ni ndogo.

Swali: Asalaam aleikum. Nina mkungu mkubwa mbele ya nyumba yangu Bamburi, unatupa majani kila siku na tawi moja laelekea kwa paa. Nimewaita mafundi watatu. Mmoja 6,000, mwingine 15,000, wa tatu 38,000! Mti ni huo huo mmoja jamani. Wa 6,000 asema ataukata kichwa chote nisahau miaka mitano. Nani mwizi hapa?
*Mama Wawili, Bamburi*

Jibu: Wa aleikum salaam dada. Pengine hakuna mwizi, pengine wamekuuzia vitu vitatu tofauti na wote wameviita kukata mti. Wapigie tena uwaulize kila mmoja: taka unatoa? Tawi la paa unalishusha kwa kamba au unaliachia lije lenyewe? Kijana wako akianguka kwangu nani analipa? Utashangaa zile bei zinavyosogeleana. Wa 38,000 huenda amehesabu kila kitu, au huenda ameona geti lako zuri, hilo pia lipo, siwatetei wenzangu wote.

Ila huyu wa kukata kichwa mwambie ahsante aende. Huo mti hautalala miaka mitano. Ukikatwa kichwa unashtuka, unatoa machipukizi mengi kwa pamoja, marefu, ya haraka, na yameshikilia pale juu juu tu kwenye ganda wakati kile kidonda kikubwa kinaoza ndani. Baada ya miaka kadhaa una matawi mazito yaliyopachikwa juu ya kisiki kilichooza, halafu kusi inaanza kuvuma. Kwa hiyo leo unalipa 6,000, kesho unalipa paa.

Unachotaka wewe ni kupogolewa. Tawi la paa litoke lote, mengine yapunguzwe, na kwa mwaka mmoja asiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima. Na mtazame anavyokata hilo tawi. Fundi anaanza kwa chini kidogo, mbali na shina, halafu anakata kwa juu mbele zaidi ya hapo, tawi linaanguka bila kuchuna ganda la mti, ndo sasa anamaliza kile kipande kilichobaki kwa mkato wa tatu karibu na shina, nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi limeota. Akiacha kibutu kirefu kinaoza, akiuparua ule uvimbe mti hauwezi kufunga kidonda. Akikwambia ongeza pesa ya rangi ya kupaka kidonda, usitoe, haisaidii. Na akija na viatu vya miba vya kupandia, hivyo ni vya mti unaoondolewa, si mti unaobaki, kila hatua ni tundu.

Kuhusu majani kuanguka kila siku dada yangu, mkungu ndo tabia yake. Nunua fagio.

Swali: Vipi mzee. Mimi ni mkwezi wa Likoni, hoteli moja huko Diani yataka nisafishe minazi 60, nimewaambia 300 kila mnazi. Nimekosea?
*Mpanda Minazi*

Jibu: Safi mwanangu. Kwa mti mmoja mmoja ni sawa kwenye minazi, ndo mti pekee ninaokubali bei ya kichwa manake yote inafanana. Lakini tembea uitenge kwanza: ile iliyo juu ya paa la makuti, juu ya swimingi puli na juu ya magari hiyo si ya 300, huko kila karara na kila nazi inashushwa kwa kamba. Na usiwakubalie wakikwambia wataka mnazi uonekane kama brashi ya kunyolea. Kata yaliyokauka na yanayoning'inia, nazi zilizokomaa, basi. Mnazi una kitovu kimoja tu pale juu, hauna tawi la akiba, na ukiunyang'anya makuti mabichi unaudhoofisha bure.

La maana zaidi, usiwauzie mara moja. Mnazi hutoa takriban kuti moja kila mwezi, na mengine ya chini yanakauka yanaanguka kwa mwendo huo huo, kwa hiyo waambie utakuja kila miezi mitatu kwa bei ya chini kidogo, kila ukija unakuta makuti matatu manne kwa mnazi na hakuna mgeni anayepigwa na nazi. Wewe unapata kazi ya mwaka mzima. Ila hoteli hulipa pole pole, uliza ni baada ya siku ngapi kabla hujasema ndio, na watataka invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, kama huna anza kuishughulikia leo si siku ya kudai. Na tafuta pesa ya kulipa vijana miezi miwili bila hoteli, la sivyo utakopa kwa riba na riba ndo itakula hizo 300. Njia ya Likoni mpaka Diani pia hesabu, ukienda na gari na vijana asubuhi na jioni muda unakwenda.

Swali: Habari. Mimi nina kampuni ndogo ya miti, mkwezi wangu alianguka mwezi uliopita futi kama 15, mguu umevunjika. Nimelipa hospitali mpaka sasa 47,000 na familia yake wanataka zaidi. Alikuwa kibarua tu, si mwajiriwa. Nifanyeje?
*Nimechanganyikiwa, Changamwe*

Jibu: Pole sana, na yeye pole zaidi, wewe umechanganyikiwa kwa miguu miwili.

Hilo neno kibarua tu liache. Alikuwa kwenye kazi yako, kwa maagizo yako, kwa mshahara wako. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ile wanayoiita WIBA ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na kama hukukata bima hiyo haina maana huna deni, maana yake deni ni lako mfukoni. Usibishane na familia barazani. Nenda ofisi ya leba uandikishe ajali, ikadiriwe kwa utaratibu, mkubaliane kwa maandishi, na risiti zote za hospitali uziweke. Ukilipa lipa kwa M-Pesa ionekane. Na umtembelee, usitume pesa tu.

Kwa kesho sasa. Uliza broka bei ya bima ya WIBA kwa watu wako, na uliza pia ile ya kulipia mali ya watu wengine, manake WIBA inamwangalia mkwezi wako, paa la jirani haiangalii. Ukishajua ni ngapi kwa mwaka igawe kwa siku zako za kazi, iingie kwenye bei kama petroli. Wateja wakubwa wenye esteti huko Nyali wanaiuliza siku hizi na ukiwa nayo unapata kazi ambazo wa bei rahisi hawazigusi.

Na nakuuliza hapa mbele ya watu: alikuwa amejifunga nini? Kamba ngapi za mashua nimeona watu wanapandia, imekaa juani bandarini miaka kisha yaletwa kwenye mti. Jua na chumvi vinakula nyuzi na kwa macho kamba inaonekana nzima. Mimi kamba niliyokuwa na shaka nayo niliikata vipande siku hiyo hiyo ili kesho nisijishawishi. Na mtu aliyekunywa tembo, hata kidogo, hata aujue mnazi namna gani, siku hiyo anaokota taka. Utapoteza siku moja. Ni 7,700 kama tulivyosema pale juu, si 47,000.

Swali: Ami, masoja wa mageti wanataka kitu kidogo kila wakiniitia kazi. Niwape?
*Kijana wa Mikindani*

Jibu: Wape, wamekufanyia kazi ya matangazo. Ila iwe kiasi mnachokijua nyote wawili tangu mwanzo, apate baada ya wewe kulipwa, na kiwe ndani ya bei kabla hujaitaja. Na soja akikwambia nimemwambia bosi ni 20,000 yako 12, hapo usikubali, bosi atakuja kuongea nawe siku moja kuhusu mti mwingine na utakuwa umesahau uliambiwa useme ngapi.